Mbinja Mbili Katika Waya wa Simu

1. Milima humchosha mjumbe

Mtu akisimama juu ya mwamba wa Irente, karibu na mji wa Lushoto, huiona nchi tambarare ya Mazinde mbali sana chini yake. Milima ya Usambara yapendeza macho, walakini humchosha mjumbe. Mji wa Lushoto uko juu, kadiri ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo, penye stesheni ya reli, uko chini, na barabara iliyo kati ya miji hiyo miwili, yapata kilomita 33, yapanda kwa kuzunguka-zunguka ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Zamani mwenye habari ya haraka alikuwa hana budi kumtuma mtu mwenye miguu mizuri. Na mvua za masika zikinyesha, mjumbe na habari yake walichelewa pamoja.

Hatimaye habari zilipata njia ya waya. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini hata Msumbiji na Afrika ya Kusini. Mwaka 1893 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga, nayo ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Mombo chini ya milima hii. Siku zile Lushoto uliitwa Wilhelmsthal.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kugonga. Karani alibonyeza kitufe, mara kwa kitambo kifupi, mara kwa kitambo kirefu, na karani wa pili aliyasoma magongo hayo kuwa herufi. Baadaye ikaja simu ya mdomo, na watu wakasikiana sauti. Kisha, katika karne ya ishirini, ikaja mashine ya kuhesabu, yaani kompyuta, nayo pia ikataka kupeleka barua kwa wenzake. Waya wa simu ulikuwa tayari, umefika mijini na milimani. Lakini waya huo ulifanyizwa kwa ajili ya midomo ya watu, na kompyuta haina mdomo. Je, iliwezaje kusema?

Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa. Chombo kilichoipa kompyuta mdomo na sikio chaitwa modemu.

2. Herufi zote kwa alama mbili

Kwanza imetupasa kujua kompyuta huandikaje. Sisi tuna herufi nyingi, na tarakimu kumi. Kompyuta ina alama mbili tu: 0 na 1. Kila alama moja huitwa biti. Kwa kuzipanga biti saba katika mstari, twapata mipango 128 mbalimbali, nayo yatosha kwa herufi kubwa na ndogo, tarakimu, nukta, mkato na alama nyingine.

Kwa mfano, tarakimu 1 huandikwa hivi: 0110001. Na tarakimu 5 huandikwa hivi: 0110101. Zitazame sana tarakimu hizi mbili. Zimepitana kwa biti moja tu, ile ya tatu ukihesabu kutoka kuume. Ulikumbuke jambo hili, maana litarudi mbele, nalo ni jambo la hatari.

3. Mlango upitishao wachezaji tu

Mtu aweza kuuliza, “Mbona kompyuta haitii umeme wake katika waya moja kwa moja, umeme mwingi kwa 1 na mchache kwa 0?” Swali hili ni zuri, na jibu lake ni kwamba njia ya simu haukubali umeme wa namna hiyo.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sauti nene hutetema polepole, na sauti nyembamba hutetema upesi. Mafundi waliotengeneza simu ya mdomo waliona kwamba maneno ya mtu husikilikana vizuri kama simu ikichukua mitetemo kutoka 300 hata 3,400 kwa sekunde. Basi hawakujishughulisha na iliyo chini wala iliyo juu ya hiyo. Tena, njiani umeme hupita katika vyombo vyenye nyaya zilizozungushwa kama koili, na vyombo hivyo hupitisha umeme unaotetema tu. Umeme uliotulia hauvuki.

Ni kama nyumba ya ngoma yenye bawabu mlangoni, naye amwambia kila mtu, “Achezaye na apite, asimamaye tuli na abaki nje.” Kompyuta ikitaka kupeleka 1, 1, 1, 1, 1, umeme wake husimama tuli, na bawabu huukataa. Basi ikiwa yataka kupita, na icheze. Yaani, na itoe sauti.

4. Kupiga mbinja

Shauri lililopatikana ni jepesi kabisa. Kompyuta ipige mbinja mbili: moja nene kidogo, maana yake 1, na moja nyembamba kidogo, maana yake 0. Kazi ya kugeuza biti kuwa mbinja, na kuzirudisha mbinja ziwe biti tena, ndiyo kazi ya modemu, na jina lake limeunganishwa kwa vipande vya maneno mawili yenye maana hizo.

Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa modemu iliyoitwa Bell 103, iliyopeleka biti 300 kwa sekunde. Baadaye mataifa yalipatana juu ya kanuni iitwayo V.21, ambayo nayo ni ya biti 300 kwa sekunde, ili modemu ya nchi moja ifahamiane na ya nchi nyingine. Kanuni hiyo yasema hivi: modemu iliyopiga simu itumie mitetemo 980 kwa sekunde kuwa 1, na mitetemo 1,180 kuwa 0. Modemu iliyoitika itumie mitetemo 1,650 kuwa 1, na 1,850 kuwa 0.

Mbona wamepewa sauti mbalimbali? Ni kwa sababu wote wawili husema wakati mmoja katika waya mmoja. Mzee akiimba kwa sauti nene, na mtoto kwa sauti nyembamba, sikio lako laweza kumfuata ye yote umtakaye. Vivyo hivyo modemu husikiliza sauti za juu nayo yasema kwa sauti za chini, wala hazichanganyikiwi.

Nazo zina adabu ya hodi. Simu ikiisha kuitikwa, modemu iliyoitika hupiga mbinja ndefu moja ya mitetemo 2,100 kwa muda wa sekunde tatu hivi. Mbinja hiyo ina kazi mbili. Yamwambia mpigaji, “Hapa pana modemu, si mtu.” Tena yaviambia vyombo vya njiani vinavyozuia mwangwi viache kazi yao, maana vyombo hivyo humnyamazisha mmoja wakati mwingine asemapo, jambo lifaalo kwa watu lakini linaloharibu maneno ya modemu.

Modemu nyingine za zamani zilikuwa na vikombe viwili vya mpira, na mtu aliulaza mkono wa simu juu yake, mdomo kwa sikio na sikio kwa mdomo. Aliyekuwa karibu alizisikia mbinja zenyewe.

5. Sikio linalopiga hesabu

Kupiga mbinja ni rahisi. Kazi ni kuisikiliza. Katika modemu za kwanza sikio lilifanywa kwa vyombo vingi vidogo vya umeme. Kila chombo kilitengwa kwa sauti yake, na ikiwa fundi alitaka modemu ya kanuni nyingine, alikuwa hana budi kutengeneza vyombo vingine.

Baadaye wataalamu walifikiri hivi: “Je, kama tukiipima sauti, tukaigeuza kuwa hesabu, na hesabu hizo zikapigwa na mashine?” Hapo ndipo ilipozaliwa prosesa ya ishara, yaani chipu ndogo iliyoumbwa hasa kwa kuzidisha na kujumlisha upesi sana. Mwaka 1983 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilikuwa ikiuza chipu ya namna hiyo, nayo iliweza kufanya hatua milioni tano za hesabu kwa sekunde. Sasa sikio si chombo tena. Sikio ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa. Ukitaka kanuni nyingine, wabadili maagizo, chipu ni ile ile.

Basi tutazame jinsi programu isikilizavyo.

Kwanza, umeme utokao katika waya hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kuwa hesabu: juu ya sifuri au chini yake. Mbona mara 8,000? Kwa sababu wimbi lisipopimwa zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo, haliwezi kujulikana sawasawa. Na mitetemo ya simu haizidi 3,400, ambayo mara mbili yake ni 6,800.

Pili, programu hulinganisha hesabu hizo na mifano miwili iliyo nayo: mwendo wa mitetemo 980 na mwendo wa mitetemo 1,180. Ili tufahamu kulinganisha huku, tuwatazame watoto wachezao bembea. Mmoja ameketi, na mwenziwe amsukuma. Kama misukumo ikipatana na mwendo wa bembea, bembea hupanda juu zaidi na zaidi. Misukumo isipopatana, mara husaidia, mara huzuia, na mwisho wake bembea haifiki mbali. Programu hufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Huzidisha kila kipimo kwa hesabu ya mfano, kisha hujumlisha. Wimbi na mfano vikienda pamoja, kila mazao huwa faida, na jumla hukua. Visipokwenda pamoja, faida na hasara hupunguzana, na jumla hubaki ndogo. Mwisho programu huuliza, “Jumla ipi ni kubwa?” Ikiwa ni ile ya 980, yaandika 1, ikiwa ni ile ya 1,180, yaandika 0.

Liko jambo moja la kuangalia. Mbinja huweza kufika ikiwa imeanza mahali po pote pa wimbi, juu, chini au kati. Na msukumo mzuri ukianza wakati mbaya huizuia bembea. Kwa hiyo kila mfano hujaribiwa mara mbili, mara ya pili ukiwa umechelewa robo ya mtetemo. Jumla hizo mbili huzidishwa kila moja kwa yenyewe, kisha huunganishwa. Ikiwa moja imekosa wimbi, ya pili hulipata.

Je, chipu ina nafasi ya kufanya haya yote? Na tupige hesabu. Kwa biti 300 kwa sekunde, kila biti hupimwa mara 26 au 27. Vipimo 27, mifano miwili, kila mmoja mara mbili: ni kuzidisha mara 108. Hata kama kila kuzidisha kunahitaji hatua mbili, ni hatua 216. Nayo chipu tuliyoitaja, kati ya kipimo kimoja na cha pili, ina nafasi ya hatua 625. Yaani, yaweza kuanza upya hesabu yote kila kipimo kipya kikifika, na bado ikabakiza nafasi kwa kazi nyingine.

Tena zipo njia za kupunguza kazi. Mwaka 1958, kabla chipu hizi hazijakuwako, Mmarekani aitwaye Gerald Goertzel alieleza njia ya kupata nguvu ya sauti moja katika hesabu nyingi kwa kuzidisha kuchache. Miaka mingi baadaye njia yake ikawa msaada mkubwa kwa programu za simu.

6. Hatua badala ya sauti

Biti 300 kwa sekunde ni mwendo wa polepole. Kila herufi huhitaji biti kumi: moja ya kuanza, saba za herufi, moja ya ulinzi, ambayo tutaieleza, na moja ya kumaliza. Basi ni herufi 30 kwa sekunde. Barua ya herufi 1,800, yaani karibu ukurasa mmoja, yahitaji dakika moja nzima.

Watu walitaka upesi zaidi. Wakaona kwamba mbinja yaweza kuchukua habari bila kubadili sauti yake. Umewaona askari wakienda gwaride. Mwendo wao ni mmoja. Lakini wakiamriwa, waweza kubadili hatua kwa ghafula, na atazamaye huona mara moja kwamba wamebadili. Ndivyo ifanyavyo modemu ya kanuni V.22. Sauti yake ni moja, bali mara 600 kwa kila sekunde hatua yake hurukishwa: huenda hauruki kabisa mtetemo, huenda waruka robo, huenda nusu, huenda robo tatu. Miruko ni ya namna nne, na namna nne zatosha kuandika biti mbili: 00, 01, 10, na 11. Basi miruko 600, kila mmoja na biti mbili, ni biti 1,200 kwa sekunde. Kanuni iliyoifuata ilitumia namna 16, zenye biti nne kila moja, ikafikia biti 2,400 kwa sekunde, na miruko ni ile ile 600.

Mtu aweza kusema, “Na waongeze namna ziwe elfu!” Lakini waya hauna utulivu. Ndani yake mna mvumo, mna radi za mbali, mna maji yaliyoingia katika maungio, mna mwangwi. Mchungaji mwenye mbuzi wanne huwatambua hata jioni. Mwenye mbuzi kumi na sita wanaofanana, giza likiingia hukosea. Kadiri namna zinavyozidi, ndivyo zinavyokaribiana, na mvumo kidogo watosha kuifanya moja idhaniwe kuwa nyingine. Kwa hiyo katika waya mbovu modemu ya polepole hufikisha barua, na modemu ya upesi hurudia-rudia maneno yale yale mpaka simu inakatika. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

7. Chupa hamsini au chupa kumi?

Sasa turudi kwa zile tarakimu mbili. Tuseme kwamba hospitali iliyo milimani yapeleka barua kwa ghala ya dawa huko Tanga, kuomba chupa 50 za dawa. Radi yapiga, na katika waya biti moja yaharibika. Kumbuka: 5 ni 0110101, na 1 ni 0110001. Biti ya tatu kutoka kuume ikigeuka kuwa 0, barua yafika yaomba chupa 10. Karani wa ghala hawezi kujua, maana chupa 10 ni ombi la haki. Dawa zafika, wagonjwa kumi wapona, na arobaini wangali wakingoja. Kosa lenyewe lilichukua muda wa sehemu moja ya 300 ya sekunde.

Kwa sababu hiyo kila herufi hupewa biti ya ulinzi. Kanuni yake ni hii: hesabu ya alama 1 zote katika herufi, pamoja na ya ulinzi, iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili. Tarakimu 5 ina alama 1 nne; ni shufwa tayari, basi biti ya ulinzi ni 0. Moja ikiharibika, zabaki tatu. Tatu ni witiri, na mpokeaji ajua mara moja kwamba mna kosa.

Walakini biti mbili zikiharibika pamoja, hesabu huwa shufwa tena, na mlinzi hudanganyika. Kwa hiyo wataalamu waliongeza ulinzi wa pili. Barua hukatwa mafungu mafungu, na mwisho wa kila fungu mpelekaji hutia hesabu iliyopatikana kwa kuzigawanya biti zote za fungu kwa namna maalumu. Mpokeaji hupiga hesabu hiyo hiyo kwa biti alizozipokea. Zikipatana, hujibu, “Nimepokea.” Zisipopatana, hujibu, “Rudia.” Fungu hupelekwa tena, na tena, mpaka lifike salama. Hivyo barua hufika imechelewa kidogo, lakini hufika kweli.

8. Barua za usiku za Afrika ya Mashariki

Modemu za polepole ziliifanyia nchi hizi kazi kubwa kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alianzisha mtandao uitwao FidoNet. Ndani yake kompyuta hazikuunganishwa mchana kutwa. Kila moja ilizikusanya barua za watu wake, ikazibana ziwe ndogo, na usiku ikapiga simu kwa jirani yake, ikampa zake, ikapokea zake, ikakata. Barua ilikwenda hivyo kutoka jirani kwa jirani, kama mzigo ushikwao kwa zamu.

Desturi hiyo iliwafaa sana watu wa nchi ambamo simu za mbali zilikuwa za bei kubwa na nyaya zake hazikuwa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao ulioitwa ESANET uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Mwalimu aliyengoja barua ya posta kwa majuma aliipata kwa siku moja au mbili.

Waganga nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani, ambalo mwanzilishi wake alikuwa daktari wa moyo, Bernard Lown. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutumia. Baadhi ya vituo vyake vilitumia waya wa simu, na vingine vilitumia setilaiti ndogo. Mwaka 1993 setilaiti yao iliyoitwa HealthSat-2 ilirushwa, nayo iliizunguka dunia ikipita juu ya kila nchi mara chache kwa siku. Ilipopita, kituo kilichokuwa chini kiliipa barua zake na kupokea zake katika dakika chache, kisha ikashuka upeoni. Kwa daktari aliyekuwa mbali na vitabu vipya, kurasa chache za maandishi zilizofika hivyo zilikuwa hazina.

Mambo yalibadilika tena mwaka 2009, ulipofika Dar es Salaam waya wa bahari uitwao Seacom, unaochukua habari kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo. Mwendo wake haulinganiki na wa modemu za zamani, kama vile mwendo wa ndege usivyolinganika na wa kobe.

9. Polepole haijafa

Je, basi modemu za polepole zimetupwa? Sivyo. Mashine ya faksi, hata iwe ya upesi namna gani, huanza mazungumzo yake kwa biti 300 kwa sekunde, kwa sauti zile zile za V.21. Mashine mbili huulizana kwanza kwa lugha nyepesi isiyokosewa, “Wewe waweza mwendo gani? Nami naweza mwendo gani?” Zikiisha kupatana, ndipo zakimbia.

Tena itazame simu ya mkononi. Ndani yake imo prosesa ya ishara, mjukuu wa chipu zile za kwanza, nayo yapima mawimbi, yazidisha, yajumlisha, na kuchagua jumla iliyo kubwa, kama tulivyoeleza. Katika simu za mtindo wa GSM, ujumbe mfupi wa maandishi hauhitaji njia ile ya sauti. Huweza kupita katika njia ndogo ya pembeni, ambayo hupeleka chini ya biti 1,000 kwa sekunde. Ujumbe mmoja wa herufi 160, kila herufi na biti saba, ni biti 1,120 tu. Tangu mwaka 2008, Vodacom ilipoanzisha M-Pesa katika Tanzania, watu wengi wamepelekeana fedha kwa simu. Na yule apigaye nambari ya nyota na reli kwenye simu ndogo ya GSM, agizo lake hupita katika njia hiyo nyembamba.

Basi mkulima wa Mlalo akiuza kabichi zake na kupokea fedha kwa simu, haimpasi kuwa na njia pana ipelekayo picha na nyimbo. Njia nyembamba yamtosha, maadamu ni amini. Hesabu ya fedha zake ikigeuka tarakimu moja, upesi wote wa dunia haumfai kitu.

Hilo ndilo fundisho la modemu ya polepole. Wenye kuitengeneza hawakuuliza kwanza, “Tutapeleka upesi namna gani?” Waliuliza, “Waya huu tulio nao, pamoja na mvumo wake na radi zake, wakubali nini?” Wakachagua mbinja mbili ambazo hata sikio lililochoka haliwezi kuzichanganya, wakaweka mlinzi juu ya kila herufi, na wakamwamuru mpokeaji aseme “Rudia” bila haya asipoelewa. Mwanafunzi naye akifanya hivyo darasani, ayasikiayo yatafika salama.

Maswali

1. Kwa nini umeme uliotulia hauvuki katika njia ya simu?
2. Modemu iliyopiga simu na modemu iliyoitika husemaje wakati mmoja bila kuchanganyikiwa?
3. Kwa nini umeme wa simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, wala si mara 5,000?
4. Barua ina herufi 3,600. Itachukua muda gani kwa biti 300 kwa sekunde? Na kwa biti 1,200?
5. Tarakimu 7 huandikwa 0110111. Biti yake ya ulinzi ni ipi, ikiwa hesabu ya alama 1 lazima iwe shufwa?
6. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi programu itambuavyo sauti, ukitumia mfano wa bembea.